Bugwema Baada ya Moto

Msomaji ambaye hajafika Bugwema asidhani ni mwisho wa dunia. Ni kata ya wilaya ya Musoma, mkoa wa Mara, penye bonde pana la udongo mweusi. Wakati wa masika udongo huo hushika gurudumu la baiskeli kama gundi, na wakati wa kiangazi hupasuka hata mtoto aweza kutia mguu katika ufa. Kuna vilima vya mawe makubwa yaliyopandana kana kwamba mtu aliyapanga akaondoka bila kumaliza, na ukishuka utalikuta Ziwa Viktoria. Watu hulima muhogo, mtama, mahindi na pamba, na walio karibu na maji huvua dagaa, sato na sangara. Ndugu zetu wa Tanga na Bagamoyo watacheka wakisikia kwamba nasi huita ukingo wetu pwani. Wacheke tu. Nasi tuna mialo, tuna mitumbwi, na tuna pepo zetu.

Mwezi wa Septemba 2023, kabla ya mvua za vuli, moto wa nyika ulipita katika kitongoji kimoja cha ukingoni mwa Ziwa. Jina lake nitaliacha, kwa maana nitasimulia habari za mama mmoja wa hapo, na kwetu watu hujuana. Hakufa mtu, Mungu ashukuriwe. Lakini nyumba tisa za nyasi ziliteketea, pamoja na vihenge vya nafaka, nyavu, na mbuzi waliokuwa wamefungwa.

Siku ya tatu Padre Paroko akaniita ofisini. Mimi ni karani wa parokia. Naandika vitabu vya ubatizo na vya ndoa, napokea zaka, na kwa kuwa nilipita chuo cha ualimu watu huniita Mwalimu ingawa sina darasa. Kamera ya parokia nayo iko mikononi mwangu. Kazi yake ni Komunyo ya Kwanza, Kipaimara, na arusi za wale wasioweza kumlipa mpiga picha wa mjini. Padre akaniambia, "Kamati ya misaada yataka kuona kwa macho. Nenda ukapige picha, kila kaya picha moja. Jumapili tutazitazama."

Basi tukaondoka alfajiri kwa baiskeli, mimi na katekista wa kigango hicho. Harufu ilitulaki mapema kuliko macho. Si harufu ya moshi, maana moshi ulikuwa umekwisha, bali harufu ya mtama uliokaangwa. Mwanzo nilidhani kuna mtu apika. Katekista akasema, "Hicho ni chakula cha watu mpaka Februari."

Tulipofika juu ya kilima tulisimama. Chini yetu nchi yote ilikuwa nyeusi mpaka majini, isipokuwa mistari myeupe hapa na pale, imenyooka kama iliyochorwa kwa chaki. Nikauliza ni nini. Kumbe kila mstari ulikuwa gogo. Mti mkavu ulioanguka huungua polepole mpaka ukawa jivu jeupe, na jivu likabaki limelala kwa umbo la mti wenyewe. Mawe nayo yalikuwa yamebanduka maganda kwa joto. Nilipiga picha nyingi hapo, nazo ni nzuri kuliko zote nilizopiga siku ile. Hazikumsaidia mtu.

Wengi waliuliza jinsi moto uliokwenda zake kilimani ulivyorudi kwa watu. Katekista, ambaye ni mvuvi wa siku nyingi, alinieleza vizuri kuliko kitabu. Mchana bara hupata joto upesi kuliko maji, ndipo upepo hutoka Ziwani kuja bara. Usiku bara hupoa upesi, na upepo hugeuka, hutoka bara kwenda Ziwani. Wavuvi huutumia huo huo kwenda kutega. Moto uliwashwa alasiri na mtu aliyesafisha shamba. Upepo wa Ziwa ukausukuma juu ya kilima, nao moto upandao hukimbia, kwa sababu joto lake hutangulia kuzikausha nyasi zilizo mbele yake. Watu wakauona ukitoweka nyuma ya mawe, wakalala. Kabla ya kupambazuka upepo ukageuka, ukaurudisha kwa njia nyingine, kupitia mabua ya mtama na matete, mpaka ukingoni mwa maji.

Wako walionivuta kando wakitaka nikapige picha shamba la yule aliyeuwasha. Nilikataa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yasema habari za kuchoma nyika bila kibali, na mtendaji wa kijiji yupo. Mimi nilitumwa kwa walioungua.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba majivu yote ni mamoja. Kihenge kilichojaa na kihenge kitupu vikiungua huacha duara moja jeusi. Nilipiga duara la kwanza, nikalitazama katika kioo cha kamera, nikaona kitu kama sahani chafu. Mwenye mali akachungulia begani pangu akasema, "Hapo palikuwa na magunia sita. Picha yako yayaonyesha?" Nikanyamaza. Tangu hapo nikatoa daftari. Kila picha nikaipa namba, na mbele ya namba nikaandika maneno ya mwenyewe: magunia mangapi, mbuzi wangapi, jembe, vyungu, vyeti vya ubatizo. Vyeti vingeniletea kazi, lakini hivyo vyaweza kuandikwa upya, maana vitabu viko parokiani.

Mwaloni mvuvi mmoja alinifundisha la pili. Nyavu za nailoni haziungui zikawa jivu, huyeyuka. Zake zilikuwa donge moja gumu la kijani, pamoja na maboya ndani yake. Nilipotaka kulipiga akasema, "Ngoja," akaweka mkono wake juu ya donge. Bila mkono ule hakuna ambaye angejua kama ni kubwa kama yai au kama mtungi. Nyuma yake matete yalikuwa yamekatwa na moto sawasawa na maji, kama kichwa kilichonyolewa. "Hayo yatarudi," alisema. "Mizizi iko majini. Wavu hauna mizizi."

Kanisa dogo la kigango lilikuwa limesimama, halikuguswa hata mlango, na pande zote mbili nyumba zimeanguka. Watu walinionyesha kwa furaha, wakasema ni muujiza, nipige. Nilipiga. Nikaikumbuka picha nyingine ambayo Padre alituonyesha mwezi uliotangulia. Tarehe 8 Agosti 2023 moto wa nyika uliuteketeza mji wa Lahaina, katika kisiwa cha Maui, Hawaii, nchi ya Marekani. Ni mji wa pwani kama sisi, ingawa pwani yake ni ya bahari kuu. Upepo mkali ulitoka milimani ukashuka kwenye maji, na mashamba ya miwa yaliyoachwa siku nyingi yalikuwa yamejaa majani makavu. Baadhi ya majani hayo asili yake ni huku huku Afrika, yalipelekwa huko kuwa chakula cha ng'ombe. Walikufa watu zaidi ya 100, na majengo zaidi ya 2,000 yakaharibika. Katika picha iliyozunguka dunia nzima, kanisa Katoliki la Maria Lanakila, yaani Bikira Maria wa Ushindi, limesimama na paa lake katikati ya majivu.

Nilipomweleza hayo mama mmoja aliyekuwa amesimama karibu nami, alilitazama kanisa letu akasema, "Kanisa lina bati, Mwalimu. Na kila Jumamosi watoto hufagia uwanja, hakuna unyasi. Nyumba zetu ni za nyasi." Hakusema kwa ubishi. Mimi sipunguzi sifa ya Mungu hata kidogo, lakini neno la mama yule limenikaa. Na wale waumini wa Lahaina, wengi waliosali chini ya paa lile walirudi wasikute paa lao.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Karibu na mwembe alikuwako mjane, mama wa watoto wanne. Ameketi juu ya jiwe, kichwa wazi, uso umejaa masizi, gauni limetoboka kwa cheche, anatazama chini. Nyuma yake ukuta mweusi umeinama. Nikasema moyoni, hii ndiyo picha. Nikapiga nikiwa mbali, bila kumsalimu. Akasikia mlio wa kamera akainua kichwa.

"Shikamoo, mama," nikasema, nimechelewa.

"Marahaba. Mwalimu, siku ya Komunyo ya mwanangu ulinisimamisha mara tatu. Ukaniambia nifunge kitambaa vizuri, nifute jasho, nitazame mbele. Leo mbona hukuniambia?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia niifute picha ile. Nikasema ndiyo, nikaminya vitufe. Lakini kwa kweli niliipeleka mbele tu ikaondoka machoni pake. Kisha akashuka majini akanawa, akaazima kanga kwa jirani, akajifunga kitambaa, akaja kusimama mbele ya mwembe, upande usioungua. Mahali alichagua mwenyewe. Akanitazama moja kwa moja, nami nikapiga. Katika daftari nikaandika maneno yake: nyumba moja, jiko, kihenge cha mtama, udaga gunia moja, mbuzi wawili, sare za watoto.

Jumapili baada ya Misa kamati ilikutana. Picha zikapita katika kompyuta ya Padre moja moja. Ilipofika yake mjumbe mmoja akauliza, "Huyu naye aliunguliwa? Mbona amependeza kama anakwenda arusini?" Wengine wakacheka. Picha nyingine ilikuwa mle mle ndani ya kamera, mikononi mwangu, na kidole changu juu ya kitufe. Nilijua kwamba nikiionyesha, kicheko kingekatika na jina lake lingeandikwa la kwanza. Sikuionyesha. Nikasoma daftari kwa sauti, neno kwa neno. Wakasikiliza, lakini mwenyekiti akasema ni afadhali wazee wawili wakahakikishe.

Wazee walikwenda baada ya siku tisa. Wengine walikuwa wamekwisha kupokea mabati na mbegu. Yeye alipata vyake baadaye, mvua za kwanza zimekwisha kuanguka, naye siku zote hizo analala na watoto wanne jikoni kwa jirani. Mara nyingi nimejiuliza kama nilimheshimu au nilimlaza jikoni. Nimewauliza na watu wenye akili kuliko mimi, nao hawakubaliani.

Mwaka ule mvua za El Niño zilinyesha kwa nguvu. Nilirudi mwezi wa Desemba, nikisukuma baiskeli zaidi ya kuipanda, nikiwa na picha nilizosafishia mjini ili kila kaya iwe na yake. Sikupatambua. Kilima kilikuwa kijani, matete yamesimama kama yule mvuvi alivyosema, na nyasi zimefika magotini mahali palipokuwa na nyumba. Ingekuwa mtu amefika siku ile kwa mara ya kwanza, angeapa kwamba hapakuungua kitu.

Mjane nilimkuta akipalilia mtama nyuma ya nyumba yake ya bati. Nikampa picha yake. Akaitazama, akacheka kidogo, akasema kanga ile mwenyewe aliichukua siku ile ile. Kisha akaniuliza, "Na ile nyingine?"

Ningeweza kusema nimeifuta. Nikamwambia kweli, kwamba bado ninayo, na kwamba nilimdanganya. Nikamweleza na habari za kamati. Hakukasirika kama nilivyotazamia. Alinyosha mkono, nikawasha kamera, nikamtafutia.

Akaitazama muda mrefu sana. Nikadhani anajitazama yeye. Halafu akaweka kidole pembeni, chini ya ukuta ulioinama, akauliza, "Hiki ni nini?"

Nilikuza picha. Lilikuwa jiwe la kusagia, jeusi kwa masizi, limelala ubavu.

"Ni la mama yangu," alisema. "Nilikuja nalo siku ya kuolewa. Nilitafuta wiki nzima, nikafikiri limeibwa. Kumbe liliangukia huku, upande wa nje."

Tukaenda wote na watoto wake wawili mpaka mahali pale. Ukuta ulikuwa umekwisha kumomonyoka kwa mvua, umebaki udongo tu na nyasi juu yake. Tulipima kwa macho kutoka kwenye mwembe, tukakosea mara mbili, kisha mtoto akajikwaa. Tulifukua kwa jembe. Halikuwa na ufa. Mama akalimwagia maji, akalisugua kwa kiganja mpaka rangi yake ikaonekana, akalitoa kwa msaada wa wanawe.

Ndipo akanigeukia. "Sasa futa," akasema. Akasimama karibu nami akitazama kioo mpaka ikaondoka kweli.