Kilichokaa Katikati

Singida ni nchi ya upepo. Mji umekaa mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, kando ya ziwa Singidani lenye maji ya chumvi, na kiangazi kikiingia upepo huvuma kutwa, ukipeperusha vumbi la mashamba ya alizeti yaliyokwisha kuvunwa. Hapo asingedhani mtu kuwa chombo kitachemka.

Kijana mmoja wa mji huo alinunua kompyuta mpakato ya mtumba, iliyoundwa kwa michezo ya kompyuta. Hakuitaka kwa michezo. Alitaka nguvu zake, apate kuhariria video za harusi, kwani harusi ndizo zinazomlipia kodi ya chumba. Mwaka wa pili ikaanza kuchemka. Feni zilinguruma, kasi ikashuka, kisha ikawa inajizima katikati ya kazi. Fedha za watu alikwisha kuzipokea. Akaambiwa chombo kimekwisha, akiuze vipuri.

Hakikuwa kimekwisha. Prosesa, iliyo akili ya kompyuta, ni kijibamba kidogo kinachotoa joto jingi. Juu yake hulala bamba la shaba, linalolipeleka joto kwenye mapezi yapulizwayo na feni. Jicho huona nyuso mbili laini zimekutana. Kumbe zina vilima na mabonde yasiyoonekana, hugusana nchani tu, na baina yake hubaki hewa. Shaba hupitisha joto zaidi ya mara 10,000 kuliko hewa. Kwa hiyo mabonde hayo hujazwa uji mzito uitwao pesti. Miaka ikipita, pesti hukauka na kupasuka. Hapo feni huvuma kwa nguvu zote, ilhali joto haliifikii. Na likikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, prosesa hujipunguzia kasi isiungue.

Fundi alichomoa betri, akafungua skrubu, akapangusa vumbi, akafuta masalia makavu kwa spiriti. Akatia pesti mpya, kiasi cha punje ya mchele, kisha akakaza skrubu kidogo kidogo, akipishanisha pembe, bamba lisiegemee upande. Hakuzidisha. Pesti ni bora kuliko hewa, lakini haiifikii shaba. Ikiwa nene, yenyewe hugeuka kizuizi.

Watu wa mwambao wanalijua jambo hili kwa sura nyingine. Fundi wa majahazi hushindilia kalafati, pamba iliyolowa mafuta, baina ya ubao na ubao. Yeye hufunga njia ya maji. Yule wa Singida alifungua njia ya joto. Lakini wote wawili kazi yao imo katika upenyo mwembamba usiosifiwa na mtu. Msifu chombo husifu mbao, tanga na mlingoti, wala hataji pamba. Ndiyo maana nahodha mwenye busara, chombo kikivuja, hukagua kwanza maungio, na hakitangazi kufa kabla hajaona kilichokaa katikati.