Nilichoma Mbolea Yetu

Wahenga walinena kwamba majuto ni mjukuu. Mimi majuto yangu yalianza nikiwa na kiberiti mkononi.

Kwetu ni karibu na msitu wa Kakamega. Mwezi wa Februari mwaka jana, nikiwa kidato cha pili, baba aliniagiza nitayarishe shamba kabla ya mvua ya masika. Mabua ya mahindi na majani makavu yalikuwa yametapakaa kila mahali. Kwa kuwa nilikuwa mbioni kwenda kucheza kandanda, niliyakusanya yote nikayatia moto. Lo! Kazi ikaisha mara moja. Nikajiona mjanja kweli kweli.

Nyanya alifika na mkongojo wake, akautazama ule moshi. "Mjukuu wangu," akasema, "si umechoma chakula cha udongo!" Nilicheka kichinichini. Ati udongo nao unakula?

Mvua ya kwanza ilikuja kwa kishindo. Shamba letu liko kwenye mteremko, nalo lilikuwa uchi. Jivu na udongo wa juu vikasombwa hadi kijitoni. Mahindi yalipoota yalikuwa ya manjano kama yaliyougua. Badala ya magunia manane tuliyozoea, tulivuna matano. Hayo matatu ndiyo yangenilipia chakula cha mchana shuleni. Muhula wa tatu wenzangu walipopanga foleni ya githeri, mimi nilikunywa maji ya mfereji. Baba hakunigombeza. Kimya chake kiliniuma kuliko kiboko.

Mwaka huu ndipo mwalimu wetu wa Biolojia aliponifumbua macho. Alitueleza kwamba asilimia 78 ya hewa ni nitrojeni, lakini mahindi hayawezi kuichukua hewani. Bakteria walio katika vinundu vya mizizi ya maharagwe ndio huigeuza ikafaa mimea. Jani likianguka, mchwa, nyungunyungu, kuvu na bakteria hulivunjavunja, na madini yake hurudi udongoni ili mizizi iyavute tena. Kumbe ndiyo sababu msitu wetu hautiwi mbolea na miti yake ni mirefu ajabu! Ukichoma mabua, nitrojeni nyingi hupaa na moshi. Fosforasi na potasiamu hubaki katika jivu, na jivu huondoka na maji.

Maji nayo huzunguka. Hupanda kama mvuke kutoka Ziwa Victoria na kutoka kwenye majani ya miti, yakawa mawingu, yakatunyeshea. Kijito chetu huingia Mto Yala, nao Yala huishia ziwani. Maji hayo hurudi kwetu kama mvua, lakini udongo yaliouchukua haurudi. Huko ziwani, madini kama hayo hulinawirisha gugumaji linalowazuilia wavuvi njia. Nilikaa darasani nikiwaza: chakula cha mahindi yetu nimekipeleka kwa gugumaji!

Msimu huu nimeyalaza mabua kwa mistari, kuukinga mteremko, na katikati ya mahindi tumepanda maharagwe. Juzi nyanya alichimbua udongo kwa ncha ya mkongojo, akatoka nyungunyungu mnene. "Unaona?" akaniambia. "Ameanza kula."

Safari hii sikucheka. Nawe ndugu msomaji, ukitumwa kusafisha shamba, kiache kiberiti jikoni.