Swali Nililowauliza Wagombea

Kazi yangu ni ukarani wa parokia. Naandika vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya marehemu, napokea zaka, na barua za Baba Paroko hupita mikononi mwangu. Nilisomea ualimu chuoni nikahitimu, nikangoja ajira miaka mingi bila kuipata, hata parokia ikanipa kalamu. Ndiyo sababu wazee wa kijijini kwetu huniita Mwalimu mpaka leo, ingawa sina darasa.

Katika kitabu cha ubatizo mna mstari mmoja ambao kila niufikiapo moyo huniuma. Penye safu ya mahali pa ubatizo, watoto wote wameandikiwa jina la kanisa au la kigango. Mtoto huyu ameandikiwa neno moja tu: Mtoni. Mwandiko ni wangu, na mtoto ni wa mdogo wangu. Leo nataka kuwasimulia habari za mstari huo, maana zahusu njia zetu na uchaguzi wetu, na sehemu ya kosa ni yangu mwenyewe.

Sisi twakaa Umatengo, wilaya ya Mbinga, mkoani Ruvuma. Nchi yetu ni milima mitupu. Kahawa twailima miteremkoni, na mahindi na maharage twayapanda katika ngoro, yaani yale mashimo waliyoyabuni babu zetu ili maji ya mvua yatulie wala yasichukue udongo. Lami tunayo: barabara kuu itokayo Songea, ikapita Mbinga mjini hata Mbamba Bay ziwani Nyasa, ni ya lami. Lakini kutoka kijijini kwetu mpaka kuiona lami hiyo ni mwendo wa saa mbili kwa miguu, na katikati pana kijito. Wakati wa kiangazi mtoto hukivuka bila kuvua viatu. Masika kikifurika, hata mtu mzima hukiogopa. Juu yake palikuwa na magogo matatu, nayo ndiyo yaliyokuwa daraja letu.

Mwaka 2019, kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 24 Novemba, rafiki yangu mmoja aligombea uenyekiti wa kijiji. Tulicheza pamoja utotoni. Akanijia jioni na daftari, akasema, "Mwalimu, wewe una mwandiko mzuri na maneno ya chuoni. Niandikie ahadi zangu."

Nikamwandikia. Ya kwanza niliandika barabara ya lami mpaka kanisani. Ya pili, basi dogo la kwenda Mbinga kila asubuhi. Ya tatu, daraja la zege. Nilipokuwa nikiandika nilijua vema kwamba mwenyekiti wa kijiji hana lami, hana basi, wala hana zege. Barabara kuu na za mikoa hutunzwa na TANROADS, na barabara za wilaya zimekuwa chini ya TARURA tangu mwaka 2017. Hayo niliyasoma. Lakini nilijiambia, watu hupenda maneno makubwa, na rafiki ni rafiki. Siku aliposoma ahadi zile watu walipiga vigelegele, nami nikapiga makofi kwa maneno niliyoyatunga mwenyewe. Kiti akakipata.

Masika mawili yakapita. Magogo yakaoza, na hakuna aliyeyagusa, kwa kuwa wote twangoja zege. Mwezi wa Machi mwaka 2021, usiku wa mvua, shemeji yangu akashikwa na uchungu. Mkunga wa zahanati akasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali bila kukawia. Tukamwita kijana wa bodaboda. Akaja mara moja, akampakia shemeji, mama yangu akakaa nyuma akimshikilia. Walipofika kijitoni taa ya pikipiki ikaonyesha gogo moja tu, na maji yakipita juu yake.

Kijana akarudi mbio kutuita. Tukafunga blanketi kwenye miti miwili, tukafanya machela. Tulikuwa wanaume sita. Mmoja wao, aliyeshika mti mbele yangu, alikuwa mwenyekiti. Sikusema neno, naye hakusema. Tukangoja maji yapungue, labda muda wa saa nzima, na hapo ukingoni mtoto akazaliwa. Alikuwa wa kike, akilia kwa sauti ndogo sana kama ya paka. Mama yangu alipoona anazidi kulegea, akachota maji ya kijito kwa kiganja, akambatiza. Hakufika mapambazuko. Shemeji tulimvusha, akatibiwa, akapona, Mungu ashukuriwe.

Jumatatu yake nikakaa mezani na kitabu. Penye safu ya mahali nikaandika nilivyowaambia. Kisha nikakumbuka daftari la mwaka 2019, nikaona kwamba mwandiko ni ule ule.

Wasomaji, sisemi kwamba ahadi zangu ndizo zilizomwua mtoto. Aweza kufa mtoto hata penye lami. Nasema hivi: laiti tungalipewa ahadi ya magogo matatu mapya, tungaliyaweka, kwa kuwa msitu tunao na shoka tunazo. Ahadi ya zege ilitufanya tuketi.

Ikafika mwaka 2024. Kampeni zilikuwa za siku saba, kutoka tarehe 20 mpaka 26 Novemba, na kura zikapigwa Jumatano tarehe 27. Kwetu waligombea wawili: rafiki yangu yule yule, na mama mmoja mjane auzaye maandazi sokoni. Mimi nikiwa karani wa parokia sina ruhusa ya kumpigia mtu debe, na napenda iwe hivyo. Lakini kuuliza hakukatazwi. Nikaenda kwenye mikutano yote miwili, nikauliza swali moja kwa maneno yale yale: "Ndugu mgombea, juu ya usafiri wetu, ni jambo gani unaloweza kulitenda kabla ya masika yajayo, bila kumngoja mtu wa Mbinga wala wa Dodoma?"

Rafiki yangu alinitazama kitambo. Watu wakangoja lami. Akasema, "Mwalimu, wewe wajua kwa nini waniuliza." Halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba ataweka magogo kijitoni, na kila mwaka kabla ya mvua atayakagua mwenyewe. Hapakuwa na vigelegele.

Yule mama naye alijibu kwa mambo matatu. Kwanza mitaro. Alisema, "Sisi Wamatengo twajua kuyaongoza maji shambani, ila barabarani twayaacha yapite yatakavyo. Mvua haiharibu njia. Maji yasiyo na mtaro ndiyo yaharibuyo." Pili, vijana wa bodaboda waandikwe majina, ijulikane usiku huu zamu ni ya nani, na nauli ya mgonjwa ijulikane mapema, si kupanda maradufu kwa sababu ya giza. Tatu, namba 115 ibandikwe kila kitongoji. Namba hiyo ni ya mpango uitwao M-mama, ulioanza kuenezwa nchini kote mwaka 2022. Mama mjamzito au mtoto mchanga akipatwa na hatari, mtu hupiga simu bila malipo, na gari hutafutwa. "Lakini gari halina mabawa," akasema. "Likifika kijitoni nalo litasimama."

Bibi mmoja mzee akaniinamia akaninong'oneza, "Mwanangu, huyu hana ahadi." Nikamjibu, "Bibi, hizo ndizo ahadi."

Nani aliyeshinda si shauri la ukurasa huu. Ninalotaka mlijue ni kwamba majibu yote mawili niliyaandika katika daftari, na mkutano mkuu wa kijiji ulipokutana baada ya uchaguzi nilisimama nikayasoma. Sheria yaagiza mkutano huo ukutane kila miezi mitatu, na kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ana haki ya kusema. Aliyeshinda hakukasirika. Aliyeshindwa naye alikuwapo, akaombwa asaidie lile alilolisema yeye, akakubali.

Katika kiangazi cha mwaka 2025 tuliitana kwa ngokela, kama tunavyoitana kulimiana mashamba. Waliokuja na majembe walichimba mitaro penye mteremko mkali. Akina mama walipika. Magogo matano yakawekwa kijitoni, yamefungwa kwa waya na kushikizwa mawe. Hatukumaliza yote. Ule mlima wa udongo mwekundu karibu na shule ungali wazishinda pikipiki mvua ikinyesha, na vijana wawili wa bodaboda wamejitoa kwenye zamu wakisema nauli ya mgonjwa ni ndogo. Shauri hilo bado laendelea, na mimi naona wana neno, maana mafuta wanunua wao.

Tena hatukuacha kuomba makubwa. Tulimwandikia diwani, maana yeye ndiye aketiye katika baraza la halmashauri ya wilaya, akaombe daraja la mawe. TARURA wamekwisha kujenga madaraja ya namna hiyo mahali pengi, nayo bei yake ni nafuu kuliko ya zege. Na mawe, wapenzi, huku kwetu hayanunuliwi. Barua niliiandika mimi, na safari hii niliandika lile tu lipasalo kuombwa, kwa yule apaswaye kuombwa.

Basi ninyi msomao, uchaguzi utakapofika kwenu, nawasihi mumwulize mgombea mambo matatu. Hilo unaloahidi, je, liko mikononi mwa cheo unachokiomba, au ni la mwingine? Ikiwa ni la mwingine, utamwendea nani, na lini utaturudishia jibu? Na kabla ya masika, tutaona nini kwa macho? Akijibu, andikeni, mkasome mbele ya watu. Hii si chuki. Mtu unayemkumbusha ahadi yake unamheshimu.

Nanyi wenzangu wenye mwandiko mzuri, walimu, makarani na makatekista, mkiletewa daftari jioni na rafiki, fikirini kwanza kabla ya kuandika.

Desemba iliyopita mvua ilinyesha siku nne mfululizo. Siku ya tano shemeji yangu alikwenda kuuza maharage Mbinga kwa bodaboda, akarudi jioni. Nikamwuliza, "Shemeji, kijitoni umepitaje?" Akasema, "Nimepita juu." Hakuongeza neno, akaingia jikoni kuwasha moto.