Shamba la Bali, Kioo cha London

Anayesimuliwa hapa ni mwandishi mwenyewe. Amechagua kujiita Fundi kwa sababu ndivyo jamaa zake wa Mombasa wanavyomtaja, baada ya kushindwa kuieleza kazi yake kwa namna nyingine. Huko London analipwa kwenda nyumba hadi nyumba kuwaangalia wanyama wanaofanana na mawe.

Kwao Kikambala alikuwa mpiga mbizi, akivua kwa nyavu samaki wadogo wa mapambo waliosafirishwa Ulaya na Marekani wakiwa hai. Alipofika Uingereza akapata kazi kwa muuzaji wa jumla karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow, na huko ndiko alikokutana na matumbawe kwenye mifuko. Kazi ya kwanza ilikuwa ya karatasi. Tangu 1990 matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe wa porini, hivyo kila boksi lilipaswa kulingana na vibali vyake, na kosa dogo la karatasi liliweza kuuacha mzigo mzima ukingoja huku maji yakizidi kupoa.

Mizigo mingi ilitoka Indonesia, kwenye mashamba ya baharini ya Bali na Banyuwangi. Mkulima wa huko hukata kipande cha urefu wa kidole kutoka tumbawe mama, hukigandisha kwenye kizibo cha saruji, kisha hukipanga na vingine kwenye vichanja vilivyozamishwa mahali pa kina kifupi. Baada ya miezi kadhaa kipande kimekuwa kichaka. Wakati wa kusafirishwa hugeuzwa kichwa chini: kizibo hufungwa kwenye stairofomu inayoelea ndani ya mfuko, matawi yakaning'inia majini bila kugusa plastiki. Fundi bado anaona kuwa ufungaji huo ndiyo sehemu yenye akili kuliko zote katika biashara hii.

Wanunuzi walisikia kwamba tumbawe limelimwa wakadhani limefugwa. Fundi alitumia miaka mingi kuwabishia. Mkulima wa Bali hapimi chumvi, haongezi kalsiamu, hawashi taa. Bahari ndiyo inayofanya kazi yote. Kinachofika London ni mnyama wa porini aliyekaa juu ya saruji, na tofauti yake na yule aliyezaliwa ndani ya kioo huonekana ndani ya wiki chache.

Kwanza, huyu wa baharini haji peke yake. Kizibo kile kimekaa baharini muda wote huo, na sasa kimejaa sponji, minyoo, mwani na kaa. Kaa mdogo mwenye gamba laini, wa jamii ya Tetralia, Fundi humwacha, maana ni mlinzi wa tumbawe. Mwenye manyoya hutolewa kwa koleo bila mjadala. Adui mkubwa haonekani: ni mnyoo bapa aitwaye kitaalamu Prosthiostomum acroporae, anayekula nyama ya matumbawe ya matawi yaitwayo akropora na kuchukua rangi ya kile alichokula. Ukiona madoa meupe ya mviringo kwenye matawi, ujue ameshakula.

Dawa ya kuchovya humwangusha mnyoo, lakini mayai yake hayajali dawa. Yamegandishwa kwenye mfupa mtupu chini ya matawi, na yaweza kukaa hata wiki tatu kabla ya kuanguliwa, kutegemea joto la maji. Ndiyo maana Fundi hukata kizibo chote kwa msumeno, akabandika tumbawe kwenye kigae kipya, akaliweka karantini na kulichovya kila wiki hadi mwezi na nusu upite. Wateja huchukia karantini. Wamelipia rangi, nao wanataka kuiona sebuleni jioni hiyohiyo.

Halafu rangi yenyewe huondoka. Hapa ndipo, kwa maoni ya Fundi, matumbawe mengi ya shambani hufa, na hayafi kwa ugonjwa. Juani Bali, kwenye kina kifupi, mwanga wa adhuhuri huweza kupita mara mbili ule ambao taa za LED za nyumbani hutoa. Tumbawe likifika kwenye mwanga hafifu na maji yenye naitreti na fosfeti nyingi, mwani mdogo sana unaoishi ndani ya nyama yake na kulilisha huongezeka, nalo hugeuka kahawia. Bado ni zima. Linazoea tu. Lakini mwenye tangi hushtuka, hupandisha taa hadi mwisho, na tumbawe lililokuwa limejipanga kwa giza huungua, likautapika mwani wake na kupauka. Mstaafu mmoja wa Croydon alikuwa na vipimo vya maji visivyo na dosari hata moja, akayaua matumbawe yake kwa kitufe cha taa. Siku hizi Fundi huanza na mwanga mdogo, huupandisha kidogo kidogo kwa majuma, na humwomba mteja asiguse kitu.

Namba za maji hazina siri: chumvi gramu 35 kwa kilo, joto nyuzi 25 au 26, kalsiamu karibu miligramu 420 kwa lita, na alkali, ipimwayo kwa dKH, 8 hivi, juu kidogo ya ile ya bahari. Kazi iko katika kuzizuia zisiyumbe. Tangi lililojaa akropora zinazokua laweza kunywa dKH moja nzima kwa siku, kwa kuwa kila tawi linajenga mifupa. Kuna chumvi za dukani zinazochanganyika hadi dKH 11 au zaidi. Mteja akibadilisha maji mengi kwa mpigo katika tangi lisilo na lishe, ncha za matawi huungua zikabaki nyeupe. Na maji ya bomba ya Uingereza usiyaamini: kampuni za maji huongeza fosfeti ili mabomba ya zamani ya risasi yasitoe sumu. Hiyo ni heri kwa watoto na shari kwa matumbawe, hivyo maji hupitishwa kwanza kwenye mashine ya kuchuja hadi yasibaki na kitu.

Njia ya zamani ya kurudisha kalsiamu na alkali ni maji ya chokaa, yanayodondoshwa usiku tone kwa tone, wakati ambapo pH ya tangi hushuka. Fundi alimweleza hayo mjombake wa Lamu, mwashi wa nyumba za mawe, kwa simu.

"Hebu ngoja, mwanangu," mzee akasema. "Sisi huku tumeyachoma matumbawe tupate chokaa. Nawe huko wayapa chokaa upate matumbawe?"

"Ndiyo, mjomba. Na wananilipa."

Mwishoni mwa 2017 Fiji ilisimamisha usafirishaji wa matumbawe. Mei 2018 Indonesia nayo ikafunga, hadi mwanzoni mwa 2020. Maduka mengi yakategemea ya Australia, kwa bei ya kutisha. Fundi, aliyekwisha kuanza kujitegemea, akageukia vipande vilivyokatwa kwenye matangi ya wateja wake. Hakuwa wa kwanza. Lee Chin Eng wa Jakarta alichapisha mwaka 1961 maelezo ya tangi lake la matumbawe hai, na katika miaka ya 1980 Dietrich Stüber wa Berlin aligawa vipande vya akropora moja kwa wenzake, ukoo ambao ulisambaa katika matangi ya Ulaya.

Oktoba 2022 umeme wa Uingereza ulipofika peni 34 kwa yuniti, baadhi ya wateja walizima taa na kufunga matangi. Fundi alihamisha matumbawe yao kwa waliobaki. Kuna akropora ya buluu iliyotoka Bali kabla ya marufuku ambayo imepita nyumba kadhaa kwa namna hiyo, ikikatwa kila ilipohama. Mahali fulani kusini mwa London kipande chake cha sentimita tatu huuzwa kwa bei kubwa kuliko kichaka kizima kutoka Bali kilichowekwa tangi la pili yake, na Fundi huwaambia wanaoanza wanunue hicho kidogo. Mwenye duka hapendi ushauri huo, kwa kuwa vichaka vya Bali ndivyo vinavyomrudisha mteja kununua vingine.