Mguu wa Binti Yetu: Gharama Haiishi Siku ya Upasuaji

Leo hatuna pishi wala mshono. Tumekaa ndugu watatu, wawili wa hapa Unguja na mkubwa wetu aliyeolewa Lugoba, tukaona tuandike haya, maana tunaulizwa mara kwa mara: mtoto alirefushwa mguu vipi, na nyinyi hamna kitu?

Binti ni wa mkubwa wetu, na mtoto wa dada ni wako. Akiwa na miaka miwili alipata homa kali na uvimbe chini ya goti. Kumbe usaha ulikuwa ndani ya mfupa. Alitibiwa, alhamdulillah akapona, lakini ugonjwa uliharibu ile sehemu ya mwisho wa mfupa inayorefuka mtoto anapokua. Mguu mmoja ukaendelea, wa pili ukabaki nyuma. Fundi viatu alikuwa akimwongezea soli ya kandambili upande mmoja, kila mwaka nene zaidi. Alipofika miaka 15 tofauti ilikuwa sentimita 5, kiuno kinamuuma, na shuleni wameshampa jina ambalo hapa hatulitaji.

Kwanza tuliuliza dini yetu

Wapo waliotuambia tunabadilisha umbo aliloliumba Mwenyezi Mungu. Tulilichukua neno hilo kwa uzito, tukaenda kwa ustadhi wetu. Akatukumbusha habari ya Arfaja, sahaba aliyekatwa pua vitani, na Mtume (SAW) akamruhusu kuvaa pua ya dhahabu ya fedha ilipomharibikia. Kuondoa madhara ni tiba, akasema. Mtu mzima mwenye miguu sawa anayetaka kuongeza kimo ili apendeze, hilo ni jambo lingine, na yeye aulize la kwake.

Kisha akamgeukia binti akamsimulia Ibn Mas'ud, ambaye wenziwe walicheka wembamba wa miundi yake, na Mtume akawaambia kwamba katika mizani miguu hiyo ni mizito kuliko mlima wa Uhud. Binti hakusema kitu. Lakini njiani kurudi alituambia: "Basi hata nisipofanyiwa, mimi si pungufu." Tulinyamaza wote. Kwa hiyo dada, kabla ya pesa, mtoto ajue kwamba unamtibu maumivu, humwonei haya.

Tulichelewa, na kuchelewa ni ghali

Hili ndilo linalotuuma mpaka leo. Daktari alitueleza kwamba tofauti ya chini ya sentimita 2 wengi huishi nayo bila tabu, au kwa kiatu tu. Ikizidi hapo, na mtoto bado anakua, kuna upasuaji mdogo wa kusimamisha ukuaji wa ule mguu mrefu ili mfupi uufikie. Ni kazi ndogo, siku chache, gharama nafuu. Lakini lazima mtoto awe na miaka ya kukua mbele yake, na wasichana wengi humaliza kukua mapema kuliko wavulana. Wetu alikuwa ameshamaliza. Miaka yote tulisema "akikua utajiweka sawa."

Ikabaki njia ndefu, ile aliyoibuni daktari Gavriil Ilizarov huko Kurgan, Siberia, katika miaka ya 1950, alipokuwa akiwatibu watu waliovunjika mifupa. Mfupa hukatwa kwa uangalifu, mguu ukazungushiwa pete za chuma zilizoshikwa na waya zinazopita ndani ya mfupa. Husubiriwa kama wiki moja, kisha skrubu zinazungushwa kidogo kidogo, na katika lile pengo mwili unaota mfupa mpya. Subhanallah. Siku hizi kuna vyuma vinavyowekwa ndani ya mfupa na kurefushwa kwa sumaku kutoka nje, lakini bei yake si ya watu kama sisi. Pete za nje zinaweza kusafishwa zikatumika tena kwa mgonjwa mwingine, na hilo lilitupa nafuu.

Mwendo wake ni milimita 1 kwa siku, ikigawanywa mara nne. Sentimita 5 ni siku 50, ni kuzungusha mara 200. Tulizungusha saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni na saa sita usiku. Baada ya hapo chuma hakitoki, maana mfupa mpya bado laini. Binti yetu alikaa nacho miezi minane. Aliswali akiwa amekaa kitini, na ustadhi alimfundisha namna ya kutawadha bila kuvidhuru vidonda.

Kurasa mbili za daftari

Tulipoanza, daftari letu lilikuwa na ukurasa mmoja: upasuaji, vyuma, kitanda, dawa, eksirei. Kila mmoja wetu aliweka shilingi 50,000 kwa mwezi kwenye kikoba, kwa miezi 14. Shemeji aliuza mbuzi. Baadhi ya wenzake anaopakia nao kokoto walichanga posho zao. Jamaa wa msikitini walitoa. Afisa ustawi wa jamii wa hospitali alimhoji mkubwa wetu, akaangalia hali, tukapunguziwa sehemu. Siku ya upasuaji ilipofika pesa ilitosha, tukalia kwa furaha.

Ukurasa wa pili hatukuwa tumeuandika. Nauli ya Lugoba hadi Dar es Salaam na kurudi, kwa mtu wa magongo ambaye hawezi kubanwa kwenye daladala. Eksirei za kila mara. Gozi, pamba na dawa ya kusafishia kila tundu la waya. Mazoezi ya viungo, ambayo usipoyafanya goti na kifundo hukakamaa, ukawa umerefusha mguu usiokunjika. Mayai na dagaa. Na mkubwa wetu, aliyekuwa akiuza uji na vitumbua kwa wapasua mawe, alihamia kwa wifi yetu Mbagala miezi mitatu, kipato kikasimama.

Mwezi wa tano pesa ilikwisha. Tulishawarudisha Lugoba, na kliniki mbili zikapita hawajaenda kwa kukosa nauli. Tuliona haya kuomba tena. Tungesema nini, na watu wameshatoa? Nyumba yao iko karibu na barabara ya malori ya mawe, vumbi halina mlango. Matundu mawili yakaanza kutoa usaha. Kwa nyumba iliyoanza safari hii kwa usaha wa mfupa, hebu fikirini usiku ule. Tulivuka kwa boti ya alfajiri, tukapanda basi la Chalinze, tukamchukua binti moja kwa moja hospitali. Alhamdulillah uchafu ulikuwa haujafika ndani. Lakini dawa na siku za kitanda zilitugharimu zaidi ya zile nauli mbili tulizozikosa.

Hapo ndipo tulipoelewa. Watu hutoa kwa ajili ya kisu. Neno upasuaji linatisha, mkono unaingia mfukoni. Nauli ya mwezi wa tano haimtishi mtu, na mguu unaokolewa kwa hiyo.

Kwa atakayepita njia hii

Mtoto akiwa na mguu mfupi, apimwe mapema na mara kwa mara anapokua. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ni ya kitaifa, na rufaa huanzia hospitali ya karibu nawe. Mwenye bima aulize kwa maandishi kama vyuma vimo. Onana na afisa ustawi kabla ya kulazwa, usingoje deni. Andika kurasa zote mbili siku ya kwanza, na usikubali tarehe ya upasuaji mpaka ukurasa wa pili uwe na angalau nusu yake. Ukichangisha, mwombe mtu mmoja abebe nauli za mwezi fulani tu, akizijua kwa jina. Mama mmoja wa darsa letu alibeba mwezi wa sita na wa saba, na hakukosekana kliniki hata moja.

Na wewe unayetoa sadaka, jirani yako akisharudi kutoka hospitali usimalize habari. Muulize: kliniki lini, na mtafikaje?

Chuma kilitoka. Mguu una makovu, na binti alijifunza upya kukanyaga. Sikukuu iliyofuata tulimnunulia Darajani viatu, jozi moja, soli sawa. Alivivaa, akatembea hadi mlangoni na kurudi, akauliza: "Hivi ndivyo watu wanavyotembea?"

Mola awaponye watoto wetu wote, na awarehemu waliobeba mwezi wa tano wa mtu. Amin.