Baridi ya Bugarama

Barabara itokayo Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika, hupanda hadi Bugarama, zaidi ya meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwa mwendo usiofika kilometa 40. Chini ni joto. Juu ni ukungu, na dereva hufungua hita. Hita hiyo hupashwa moto na maji yanayozunguka ndani ya injini. Ikipuliza baridi ilhali injini imekwisha pata moto, huenda maji yamepungua. Hapo dereva asifikirie koti tu: asimame, azime injini, asubiri ipoe, ndipo afungue kifuniko cha rejeta na kuongeza maji. Apuuzaye onyo hilo mlimani huunguza injini, na abiria wake hulala njiani.