Vitabu Viwili, Mama Mmoja

Nimestaafu ualimu, na kuna ubishi mmoja ambao sitaki ustaafu pamoja nami.

Nilizaliwa Nyeri, nikasoma, nikaenda chuo cha ualimu, nikapewa chaki. Hayo yatosha. Kwa miaka mingi ufahamu darasani kwetu ulikuwa kifungu kimoja na maswali chini yake. Mtoto alimaliza shule akiamini kwamba kilichopigwa chapa hakina mpinzani.

Kisha shemeji yangu akaleta kutoka Marekani vitabu viwili vya picha vinavyomhusu Wangari Maathai, Mkenya aliyepigania miti: Wangari's Trees of Peace cha Jeanette Winter, cha 2008, na Mama Miti cha Donna Jo Napoli, cha 2010, chenye michoro ya Kadir Nelson. Nikavipeleka darasa la sita. Wenzangu wakacheka, eti picha ni za chekechea. Lakini ufupi wake ndio niliokuwa nautaka: vitabu viwili vizima vinasomwa na kujadiliwa kabla kengele haijalia.

Nilianza na Mama Miti. Wanawake wanamjia Wangari na shida zao, huyu kuni, yule chakula, na kila mmoja anaelekezwa mti wa kupanda. Majina ya miti ni ya Kikuyu, basi darasa likalipuka: mukinduri tunao nyuma ya jikoni, Mwalimu! Nelson naye amebandika vipande vya vitambaa kwenye picha, wasichana wakazipapasa kurasa. Kitabu kimetulia. Ndipo nikafungua cha Winter, na mama yuleyule anapigwa rungu na kutiwa ndani. Msichana mmoja akainua mkono: "Mwalimu, mbona kile cha kwanza hakikusema?"

Somo lenyewe ndilo hilo. Na hapo ndipo tulipogombana na mwenzangu mmoja, ambaye baadaye alipanda cheo. Yeye alishikilia kwamba kwanza yachorwe maduara mawili yanayopishana, yanayofanana yajazwe katikati. Darasa lake lilijaza: vyote vina miti, vyote vina Wangari. Madaftari yalikuwa nadhifu, wakaguzi wakayasifu. Sina neno na maduara. Nina neno na kuyatanguliza. Mtoto ambaye hajashangazwa na chochote ataandika rangi ya jalada.

Wangu walikwenda kutafuta ushahidi. Walirudi na miche saba aliyoipanda Wangari Kamukunji, Nairobi, 1977. Na jengo la orofa 60 alilopinga lisijengwe Uhuru Park, 1989. Na kipigo alichopata akitetea msitu wa Karura, 1999. Mvulana akadai Napoli ameficha. Msichana akamjibu kwamba amechagua kusimulia shida za wanawake, si ukali wa serikali. Nilipopata cha tatu, Planting the Trees of Kenya cha Claire Nivola, ambamo hata askari wanapewa miche, mjadala ukawaka upya, nami nikakaa kimya. Kunyamaza ni kazi ngumu kwa mwalimu, afadhali kusahihisha insha.

Nanyi vijana mnaofundisha mtaala mpya, mnaolijaza neno umilisi kwenye kila andalio: msichague vitabu pacha. Tafuteni viwili ambavyo kimoja kinasema na kingine kinanyamaza, someni cha upole kwanza, na msimpe mtoto maduara kabla hajauliza kwa nini.